Biashara ndogo ya familia inafaidika nini ikishirikiana na watu wa nje katika ubunifu?

Msindikaji wa Malindi ameuliza:

Assalaam alaykum na habari za wakati huu, ndugu wasomaji.

Familia yetu ina biashara ya achari ya embe na embe kavu hapa Malindi. Mama aliianza jikoni kwake miaka 19 iliyopita akiwa na makarai mawili na chanja moja, na leo, msimu mkubwa unapofika, tunafanya kazi watu 11. Tunanunua embe za ngowe na boribo kwa wakulima, tunazikata zingali mbichi, tunazitia chumvi, tunazianika juani siku tatu hadi nne, kisha tunazichanganya na pilipili, siki na viungo ambavyo mama huvipima kwa kiganja chake na si kwa kijiko. Wateja wetu wako Mombasa, Lamu na katika hoteli kadhaa za hapa mjini.

Shida yetu ni masika. Mvua kubwa zikianza mwezi wa Aprili jua hupotea, embe hukauka nusu, na baada ya majuma mawili chupa huota ukungu mweupe chini ya mfuniko. Mwaka jana tulimwaga ndoo sita, na mama alisimama mlangoni akitazama bila kusema neno.

Miezi michache iliyopita mhadhiri mmoja wa chuo kikuu alinunua achari yetu, akauliza maswali mengi, kisha akarudi na wanafunzi wawili. Anapendekeza tushirikiane: wao watengeneze kikaushio cha jua na kuipima achari yetu katika maabara, sisi tutoe uwanja, embe na uzoefu wetu. Wakati huohuo mtengenezaji mmoja wa vifungashio huko Mombasa anataka kujaribu mifuko yake mipya kwa bidhaa zetu.

Ndugu zangu hawaafiki. Kaka yetu mkubwa anasema siri ya achari ni siri ya nyumba, na kwamba ukimfungulia mtu mlango wa jiko leo, kesho atakuuzia achari yako mwenyewe katika chupa yenye jina lake. Siwezi kusema anakosea kuogopa. Lakini siku ile walipokuja wanafunzi lilitokea jambo ambalo halinitoki akilini. Ilikuwa saa kumi jioni, tunaondoa vipande juani na kuvitia katika ndoo kama tufanyavyo kila siku, tunafunika ili vumbi na panya visiingie. Mwanafunzi mmoja, binti aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akauliza: "Kwa nini mnafunika wakati vipande bado vina moto?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Kesho yake alfajiri nilifunua ndoo, nikageuza mfuniko, nikaona matone ya maji yamejipanga kama jasho kwenye paji la uso. Maji yale ndiyo yaliyokuwa yakirudi kwenye embe kila usiku kwa miaka 19, na sisi tuliokuwa tukiufuta mfuniko kwa kitambaa kila asubuhi hatukuwahi kujiuliza yanatoka wapi.

Kwa hiyo nauliza kwa dhati. Ninyi mliowahi kushirikiana na watu wa nje ya biashara zenu kutafuta njia mpya ya kufanya kazi, mlipata faida gani iliyobaki mkononi? Na ni kitu gani kiliwaumiza ambacho mngependa sisi tukiepuke? Nitayasoma majibu yenu mbele ya mama na kaka zangu.

Fundi wa Vyombo, Lamu, amejibu:

Dada, waalaykum salaam. Mimi ni fundi wa vyombo vya baharini hapa Amu, yaani Lamu, kazi niliyoipokea kwa baba, na baba aliipokea kwa babu. Kaka yako namwelewa vizuri kwa sababu kwa miaka mingi nilikuwa kama yeye: nikimwona mgeni na kamera karibu na karakana yangu, nafunika kazi kwa turubai.

Sisi wa Lamu tuna mfano ambao dunia nzima imeuona, nao ni jahazi la Flipflopi. Waliolibuni walikuwa na wazo la kuunda chombo kwa plastiki iliyookotwa fukweni, lakini wazo lile lisingeelea hata siku moja bila mikono ya mafundi wa hapa waliofanya kazi wakiongozwa na Ali Skanda. Chombo kina urefu wa mita 9 na kimeingia takriban tani 10 za plastiki, kikavishwa vipande vya ndara zipatazo 30,000. Kiliteremshwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 kikasafiri hadi Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi. Sikuwamo katika kazi ile, ila niliitazama kwa karibu. Jambo lililonifunza ni kwamba fundi anayejua mti kwa kuupapasa alilazimika kuanza upya, kwa maana plastiki haina nyuzi za kufuata kwa tezo, nayo hutanuka juani na kupinda mahali ambapo mbao ingesimama. Wenye wazo hawakuwa na jawabu la hilo, na mafundi peke yao wasingejiuliza swali hilo. Jawabu lilipatikana katikati yao.

Kuhusu yaliyonipata mimi mwenyewe, nitakueleza kwa urefu kidogo kwa sababu yanafanana na mfuniko wako. Wavuvi walikuwa wakinilalamikia kwamba barafu inawaishia baharini kabla ya kurudi. Kila aliyelalamika nilimtengenezea sanduku la mbao nene zaidi, na kila mara nikidhani nimemaliza. Fundi mmoja wa majokofu kutoka Mombasa, aliyekuja kwa shughuli zake nyingine, alilitazama sanduku langu, akapitisha kiganja kwenye maungio, akaniambia tatizo si unene. Hewa ilikuwa ikipenya kwenye maungio, na mbao ikishalowa maji hupitisha joto, kwa hiyo nilikuwa naongeza uzito wa chombo bure. Tukakaa pamoja majuma matatu: tukatia povu gumu kati ya kuta mbili nyembamba, tukapaka faiba, ile ya nyuzi za kioo, ndani na kwenye pembe zote. Naye pia alikuwa na la kujifunza. Alitaka sanduku likae tezi, yaani nyuma ya chombo, kwa kuwa ndiko aliko­ona nafasi. Nikamwambia likijaa barafu na samaki, chombo kitainua omo, yaani sehemu ya mbele, na kuukataa usukani, basi likawekwa karibu na mlingoti. Angelitengeneza peke yake lingefaa kwenye duka la samaki na lingewazamisha watu baharini.

Gharama ilikuwepo. Majuma yale matatu sikuchukua kazi nyingine, na tuligombana mara moja juu ya nani anunue faiba. Nilichobaki nacho ni sanduku ambalo wavuvi huniagiza hata kutoka Kizingitini, na fundi yule hupeleka ya kwake kwa wauza samaki wa Mombasa. Hatukunyang'anyana wateja kwa sababu tangu mwanzo kila mmoja alijua bahari ni ya nani na nchi kavu ni ya nani.

Ushauri wangu, dadangu, ni kwamba usiwapelekee achari yote. Wapelekee ukaushaji tu. Viungo vya mama havina ukungu.

Mtu wa Mifumo ya Malipo, Mombasa, amejibu:

Nimezaliwa Malindi na nimekula achari ya aina hiyo tangu utotoni, basi suala hili nalichukulia kama la kwetu.

Wakenya wengi huizungumzia M-Pesa kama kwamba ilitoka kamili kichwani mwa kampuni moja. Ukifuatilia ilivyoanza utaona ni kazi ya mikono mingi, na faida na taabu za ushirikiano zote zimo humo. Kampuni ya simu ya Vodafone ya Uingereza ilichangia fedha pamoja na mfuko wa serikali ya nchi hiyo wa kukuza huduma za kifedha, kila upande ukibeba sehemu ya hatari ambayo pengine usingekubali kuibeba peke yake. Safaricom ilikuwa na mtandao na mawakala. Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, ilikuwa na wakopaji, na Commercial Bank of Africa ilikuwa na leseni ya kutunza fedha. Majaribio yalianza Oktoba 2005, na lengo lilikuwa kumsaidia mkopaji mdogo kulipa mkopo wake kwa simu.

Wakopaji walifanya jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Walianza kutumiana pesa wao kwa wao, wakawalipia wenzao, wengine wakaziweka katika simu kabla ya safari ili wasitembee na noti mfukoni. Wenye mradi wangeweza kusema watu hawajaielewa huduma. Badala yake waliwatazama, wakabadilisha nia, na huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ilikuwa huduma ya kutuma pesa nyumbani. Kwa maoni yangu hilo ndilo fungu kubwa la faida: mtu wa nje hukuonyesha matumizi ya kitu chako ambayo wewe huyaoni kwa sababu umeshaamua kitu hicho ni cha nini.

Hata hivyo, sitaki kuficha upande wa pili, kwa kuwa dada ameuliza pia kilichoumiza. Faulu ilipata taabu kuoanisha malipo ya simu na daftari zake za vikundi, kwani utaratibu wake wote ulijengwa juu ya wanachama kukutana na kulipa mbele ya wenzao. Huduma ilipokua, ilikua kwa njia ambayo haikuwa tena shida ya Faulu. Mshirika anaweza kuwa mwaminifu kabisa, kusiwe na hila yoyote, na bado mradi ukahama kutoka kwenye haja yako kwenda kwenye haja ya mwingine. Kwa sababu hiyo nakusihi haja yenu iandikwe kwa sentensi moja tangu siku ya kwanza, kwa mfano: "Tunataka embe ikauke wakati wa masika bila kubadilika ladha." Mhadhiri akianza kuzungumzia mashine ya kukausha nyanya za kaunti nzima, uirudishe sentensi hiyo mezani.

Baadaye milango ilifunguka zaidi. Mwaka 2012 Safaricom na benki ileile walileta M-Shwari, akiba na mikopo kwa simu, na mwaka 2017 waandishi wa programu walifunguliwa njia iitwayo Daraja ya kuunganisha mifumo yao na M-Pesa. Kazi ninayoifanya leo, ya kuwaunganishia wenye maduka malipo yao, imetokana na mlango huo. Waliofungua hawakupoteza huduma yao. Walipata maelfu ya watu wanaoifanyia kazi bila kuwa kwenye orodha yao ya mishahara.

Mvuvi wa Ngomeni amejibu:

Nimesoma majibu ya ndugu zangu kwa heshima, na sikatai walichosema. Ila mama na kaka zako wanastahili kusikia pia kutoka kwetu.

Kundi letu la wavuvi lilifuatwa na kampuni moja iliyotaka kujaribu jokofu la umeme wa jua. Tulitoa kiwanja, tukatoa vijana wa kulinda usiku, tukawapa kumbukumbu zetu za samaki za miezi minane: aina, uzito, bei, na mahali tulipovua. Jokofu lilifanya kazi vizuri, na kwa miezi kadhaa tuliacha kuwauzia madalali kwa bei ya jioni. Kisha fedha za mradi zikaisha. Betri mbili zilipokufa hatukujua zinanunuliwa wapi, hakuna kijana wetu aliyefundishwa kufungua hata kifuniko cha mtambo, na simu zetu zikawa haziitikiwi. Mwishowe walikuja na lori wakalichukua. Kumbukumbu zetu za samaki wanazo hadi leo, sisi hatuna hata nakala, kwa maana tuliwapa daftari lenyewe.

Hilo la daftari ndilo linaloniuma kuliko jokofu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi ninaamini hivyo. Mwenyeji hawezi kupona kama mgeni anaondoka na dawa pamoja na kikombe.

Sisi wa Ngomeni tuna mfano mwingine unaoonekana kila siku kutoka ufuoni, ile mitambo ya Waitaliano ya kurushia roketi baharini. Kutoka pale, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani, ya kwanza ya aina yake duniani, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wetu. Marekani ilileta setilaiti na roketi, Italia ikaleta jukwaa na wataalamu, na Kenya ikawa na mahali, karibu kabisa na ikweta, ambapo roketi husaidiwa na mzunguko wa dunia. Ni ushirikiano mkubwa kweli. Lakini muulize mzee yeyote wa hapa ni watoto wangapi wa kijiji chetu waliojifunza kutengeneza chochote kutokana na ile mitambo. Kitu kufanyikia kwenu si sawa na kufanywa pamoja nanyi.

Basi dada, kabla hujamkubalia mhadhiri muulize nani atakitengeneza kikaushio siku kitakapoharibika, na vipuri vinauzwa duka gani hapa Malindi. Mtu wenu mmoja ashike nyundo tangu siku ya kwanza. Na kila kipimo wanachoandika, kiandikwe mara mbili, moja wao, moja ninyi.

Mpishi wa Hoteli, Malindi, amejibu:

Nitakuwa mfupi. Mshirika wa nje si lazima awe na shahada wala mashine. Sisi wapishi tunanunua achari kwa wingi, na kwa miaka mingi tumekuwa tukitamani chombo cha kilo 3 chenye mdomo mpana, pamoja na achari isiyoelea mafuta kwa ajili ya samaki wa kuchoma. Hakuna msindikaji aliyewahi kutuuliza. Kabla hamjakaa na mtu wa vifungashio wa Mombasa, njoo jikoni kwetu uone tunavyohangaika kuingiza kijiko kirefu katika chupa zenu.

Kuna kisa ninachokipenda kuhusu Procter & Gamble, kampuni kubwa ya Marekani. Walitaka kuchapa picha na maneno juu ya vipande vya viazi vyao vya Pringles. Badala ya kujifungia maabara miaka miwili, waliandika maelezo ya shida yao na kuyasambaza kwa watu waliowajua duniani kote. Jawabu lilitoka Bologna, Italia, katika kiwanda kidogo cha mikate cha profesa mmoja aliyekuwa tayari anachapa picha za kulika juu ya keki. Bidhaa ikaingia sokoni mwaka 2004. Ninachotaka ukione ni kwamba kampuni ile, pamoja na wanasayansi wake wote, ilifaidika na mwoka mikate. Na mwoka mikate alifaidika kwa sababu walimletea shida iliyoandikwa vizuri.

Wakili wa Pwani amejibu:

Dada Msindikaji, naomba nishughulikie hofu ya kaka yako moja kwa moja, maana ni hofu yenye msingi wa kisheria na ina tiba.

Kwanza tutenganishe vitu vinavyochanganywa. Mchanganyiko wa viungo wa mama yako ni siri ya biashara. Siri haisajiliwi popote, na inalindwa kwa kutosemwa na kwa mkataba wa kutunza siri kwa yeyote anayelazimika kuijua. Jina lenu na nembo ya chupa ni alama ya biashara, ambayo husajiliwa Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, inayojulikana kama KIPI, kwa miaka 10 na huhuishwa tena na tena. Kikaushio, ikiwa kina jambo jipya kweli la kiufundi, kinaweza kuombewa hataza, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi, ya miaka 20 chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, au ulinzi wa miaka 10 unaotolewa kwa maboresho madogo. Kaka yako anaogopa cha kwanza, mhadhiri ana hamu na cha tatu, na nina wasiwasi kwamba cha pili, ambacho ni rahisi kuliko vyote, bado hamjakifanya. Sajilini jina lenu kabla ya kufungua mlango wowote.

Watu wa pwani tuna sababu ya kulikumbuka hili. Mwaka 2006 kampuni moja huko Uingereza iliomba kulisajili neno la kikoi, kwa tahajia ya Kiingereza, liwe alama yake ya biashara. Laiti ombi lile lingepita, wasukaji na wauzaji wa Kenya wangepata taabu kuuza kikoi katika soko lile kwa jina lake mwenyewe. Pingamizi liliwekwa kwa niaba ya wazalishaji wetu na ombi likaanguka. Tangu mwaka 2016 tunayo pia sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, lakini sheria humsaidia zaidi mwenye kumbukumbu zilizoandikwa.

Pili, chuo kikuu kina tabia yake ambayo si mbaya ila lazima uijue: kinachapisha. Tasnifu ya mwanafunzi hukaa maktaba, na jambo likishatangazwa hadharani linaweza kupoteza upya unaotakiwa na hataza. Mkataba useme kwamba ninyi mtasoma rasimu kabla haijatoka, na kwamba mna muda maalumu, tuseme siku 60, wa kuomba jambo fulani liondolewe au ulinzi uombwe kwanza.

Tatu, yaandikwe mambo ambayo kila upande ulikuja nayo, kwa maana hayo yanabaki ya mwenyewe, na yaandikwe yatakayozaliwa katikati, nani atayamiliki na nani ataruhusiwa kuyatumia. Fundi wa Amu amelisema hili vizuri kuliko sisi mawakili: bahari ya nani, nchi kavu ya nani. Mali bila daftari huisha bila habari, na kisa cha ndugu yetu wa Ngomeni ni ushahidi tosha. Mkataba wa kurasa mbili kwa Kiswahili safi unatosha kwa kazi ya ukubwa huu.

Msindikaji wa Malindi amejibu:

Ndugu zangu, nimewasomea nyumbani maneno yenu yote jana baada ya isha. Kaka yangu mkubwa ameniagiza nimuulize Wakili swali moja: maabara itaipimaje achari bila kuambiwa ndani yake mna nini? Anaona hapo ndipo siri itakapotokea, hata pakiwa na mkataba.

Wakili wa Pwani amejibu:

Mwambie kaka swali lake ni zuri, na ni la mhadhiri kulijibu, si langu. Amtake aeleze kwa maandishi kila kipimo kinahitaji kujua nini. Kipimo kisichohitaji siri kisipewe siri.

Msindikaji wa Malindi amejibu:

Nimerudi baada ya majuma matatu, na naona ni haki niwaeleze tulipofikia kwa kuwa mmetumia muda wenu kwa ajili yetu.

Mhadhiri alijibu swali la kaka kwa ukurasa mmoja. Vipimo wanavyovitaka ni viwili. Cha kwanza ni unyevu wa vipande baada ya kukauka, ambao hupimwa kabla kiungo chochote hakijatiwa. Cha pili ni uchachu wa achari iliyokwisha kutengenezwa, yaani pH yake, ambayo ikiwa chini ya 4.6 bakteria wanaotoa sumu ya botulini hawawezi kukua. Kwa kipimo hicho huhitaji kujua kuna bizari kiasi gani, unachovya kifaa tu. Kaka aliusoma ukurasa ule mara mbili, akaukunja, akautia mfukoni. Siku iliyofuata alikwenda mwenyewe kuuliza gharama za kusajili jina letu.

Nilikwenda pia jikoni kwa ndugu yetu Mpishi. Niliona kijiko kirefu kikikwama shingoni mwa chupa yetu na nusu ya achari ikibaki chini, ikisuguliwa na maji na kutupwa. Kwa hiyo mazungumzo na mtu wa vifungashio tumeyaanza upya: hatuzungumzii tena mifuko yake, tunazungumzia ndoo ya kilo 3, na Mpishi atakuwa wa kwanza kuijaribu.

Mkataba na chuo una kurasa mbili na umeandikwa kwa Kiswahili. Sentensi ya kwanza ni ile tuliyoshauriwa, kwamba tunataka embe ikauke wakati wa masika bila kubadilika ladha. Mdogo wangu wa kiume, ambaye alikuwa upande wa kaka, ndiye atakayejenga kikaushio pamoja na wanafunzi, na mabati, mbao na karatasi ya nailoni vyote vitanunuliwa hapa mjini, katika maduka tunayoyajua. Vipimo vitaandikwa katika madaftari mawili. Letu lina jalada la kijani na linakaa kabatini kwa mama.

Mama mwenyewe, tulipomaliza kumsomea, aliuliza kama yule binti wa swali la mfuniko atakuwamo. Tulipomwambia ndiyo, alisema: "Basi waje. Viganja vyangu nitabaki navyo."

Tumepanga kuanza kabla ya mvua. Tutatengeneza chupa 40 kutoka kwa embe za mkulima mmoja, 20 zikaushwe kwenye chanja kama zamani na 20 kwenye kikaushio, na zote zitapoa kabisa kabla ya kufunikwa. Tutazipanga katika rafu moja na kuzifungua mbilimbili kila juma, mama akionja bila kuambiwa ipi ni ipi. Juma la mwisho litaangukia Juni, na nitayaandika hapa yatakayoonekana chini ya mifuniko.